Jivu la Mama Sungura

Sogeeni, wajukuu zangu, sogeeni karibu. Sasa nyamazeni, maana hadithi hii haitaki kelele.

Hapo zamani za kale, mbali huko Amerika, kwenye milima mikavu ya watu waitwao Waapache, wanyama nao walishika mila za wenyeji. Mtu akifa, kibanda chake huchomwa, vitu vyake haviguswi, jina lake halitajwi tena. Mzimu wake ukirudi, hurushiwa jivu.

Mama Sungura alikuwa na watoto wanne na shimo moja. Humo shimoni, chini ya udongo na mawe ya moto, mioyo ya mkonge wa huko, ambao ukiokwa huliwa, ilikuwa inaiva siku ya nne. Chakula cha kipupwe kizima! Mumewe, Mguu-Upepo, alikuwa ameenda kuokota mbegu za misonobari.

Ndi! Ndi! Ndi! Dubu huyo.

"We kidogo! Fukua nile!"

"Ole wangu, babu Dubu! Hujasikia? Mguu-Upepo amekufa. Shimo hili kalichimba yeye."

"Mwongo! Mbona kibanda chake kimesimama?"

"Nilikuwa nalia kwanza, babu."

Akachukua kijinga cha moto. Vuu! Kibanda kikawaka chote. Akajinyoa kichwa. Watoto wakalia, tena walilia kweli.

Dubu akarudi nyuma hadi mdomo wa bonde, akaketi akitazama. Hajasadiki bado, mnaona?

Mara Mguu-Upepo akatokea, mfuko begani.

"Mama watoto! Nani kachoma nyumba yetu?"

Dubu akainuka. Mama Sungura akayaona yale makucha, akawaona wanawe. Akachota jivu, pwaa! Usoni mwa mumewe.

"Mzimu, ondoka! Hatukujui!"

"Mimi?"

"Ondoka!"

Mguu-Upepo akajipapasa kifua. "Kumbe nimekufa," akanong'ona, "nami sina habari." Akaweka mfuko chini taratibu, akageuka.

Dubu naye akatimua mbio, kokoto zikiporomoka porooo!

Hapo ndipo Mama Sungura alipokimbilia bondeni. "Mguu-Upepo! Rudi, baba! Ulikuwa ujanja tu!"

Yeye akazidi kwenda zake. Mfu mwenye adabu haitikii.

Ulimi uliomuua mtu hauwezi kumfufua, wajukuu zangu.

Watoto walirithi mkonge na mbegu, wakavuka kipupwe. Dubu alirithi woga. Mama alirithi jivu viganjani, akinawa halitoki. Na lile jina zuri hakulirithi mtu.