Mstari Mmoja Uliobaki

Naomba niwape mfano, wapendwa, na mtu asinifuate mlangoni kuniuliza ni wa ukoo gani. Nimeutunga mwenyewe. Ukikugusa, basi ni wako.

Kulikuwa na mzee mmoja, mwanamaji mstaafu. Alizaliwa huku kwetu bara, kwenye mtama na vumbi, na mpaka anaandikishwa jeshini hakuwa ameona maji mengi kuliko ya lambo la ng'ombe. Huko melini wakampa kazi ya kamba: kuzisokota, kuzifunga, kuzikagua kila siku. Akaifanya miaka ishirini na saba. Akarudi na medali mbili na viganja vigumu kama soli ya kiatu. Na watoto je? Watoto wake watatu walikua wakimwona kwa likizo. Mama yao ndiye aliyewapeleka kliniki, ndiye aliyeitwa na mwalimu mkuu. Nawaona, akina mama, mnavyotikisa vichwa.

Basi mzee alipostaafu hata miaka mitatu haikupita, mkewe akapigwa na kiharusi. Upande wote wa kulia ukalala, na kusema hakuweza tena. Watoto wako mjini, kila mtu na kazi zake. Walipiga simu kila Jumapili, sitaki kuwasingizia. Na walikuja Krismasi. Wakija wanamkuta mama msafi, amesukwa mistari minne minene, ule msuko wa kawaida mnaouita twende kilioni. Mwaka mmoja binti akauliza, "Baba, nani anamsuka mama?"

Mzee akacheka. "Yupo msusi wangu. Mkono wake mzito, lakini hachelewi."

"Mwambie ajitahidi basi. Mistari imepinda."

"Nitamwambia, mwanangu."

Yakaishia hapo. Kuna aliyeuliza tena? Hakuna. Ikatimia miaka sita tangu kiharusi kile, na Ijumaa moja asubuhi mzee akaanguka na kufa.

Watoto wakaja mbio. Taarifa ikafika jeshini, na wanamaji wakasema watakuja Jumatatu kumzika mwenzao kwa heshima zote. Kijana mkubwa akakaa kuandika wasifu wa marehemu. Kurasa nne! Akaanza na namba ya jeshi, akapanda na vyeo ngazi kwa ngazi, meli hii, bandari ile, mpaka medali. Mwisho kabisa akaandika, "Ameacha mjane na watoto watatu." Mjane yule alipata sentensi moja, tena ya kugawana na wanawe.

Asubuhi ya maziko binti akamtazama mama yake. "Mama, wakubwa wa baba wanakuja na bendera. Hatuwezi kukuacha na kichwa hiki." Alikuwa amekuja na msusi hodari kutoka mjini. Wakamketisha mama uani, kwenye kigoda.

Msusi alipoanza kufumua mstari wa kwanza, mama akalia. Mkono wake wa kushoto, ule uliobaki mzima, ukapanda ukamshika msusi. Binti akauondoa taratibu. "Jikaze, mama. Sote tumeumia." Ukaja mstari wa pili, mkono ukapanda tena. Safari hii binti akaushusha mapajani na kuushikilia hapo, msusi asisumbuke. Msimlaani, ndugu zangu. Binti yule alimpenda mama yake. Aliushikilia ule mkono kwa upendo kabisa, na mstari wa tatu ukafumuliwa.

Ndipo akaingia jirani na sufuria ya uji. Akasimama palepale. "Mnafanya nini? Nani kawaambia mfumue?"

"Zimechakaa, shangazi. Na huyo msusi wenu wa huku kazi haijui."

"Msusi gani? Si baba yako! Miaka sita, kila Alhamisi, anamweka hapo hapo, kitana mkononi, anamsimulia habari za bandarini mpaka amalize. Tulimwambia atuachie sisi wanawake, akakataa. Alituambia, 'Huyu nilimwacha peke yake miaka ishirini na saba. Niacheni.' Hizo alizisuka Alhamisi. Kesho yake akafa."

Binti akautazama mkono aliokuwa ameushikilia. Akauachia. Mama akaupeleka kichwani, akapapasa, akaukuta mstari mmoja. Akaufunika kwa kiganja chake na hakukitoa tena.

Makaburini tarumbeta lilipigwa, bendera ikakunjwa, kila kitu kikaenda kama kilivyopangwa. Kijana mkubwa akaitwa kusoma wasifu. Akasimama na kurasa zake nne, akamtazama mama yake, kichwa kikiwa vilevile, mkono ukiwa palepale. Kisha akamkabidhi ofisa zile karatasi.

"Haya ya jeshini wenzake mnayajua kuliko mimi," akasema. "Mimi ni mwanawe mkubwa. La nyumbani ninalolijua ni moja tu, nalo nimeambiwa na jirani leo asubuhi."

Akakaa. Huo ndio ukawa wasifu.

Sasa tuzungumze sisi. Sisi ni mabingwa wa wasifu! Tunajua mzee alistaafu na cheo gani, tunajua picha ipi ya sare itakaa mbele ya jeneza. Na sisemi utumishi ule ni bure. Wapo waliokesha baharini ili sisi tulale, na Mungu awalipe. Lakini cheo kina cheti chake serikalini. Je, yale ambayo hayana cheti tunayajua? Nani anamwogesha mama leo? Nani anamkata baba kucha? Mzee yule alijua deni lake la mapenzi, akalilipa kimya kimya. Waliokuwa na macho ya kumwona walikuwa majirani, kwa sababu wanawe walitosheka na jibu la utani.

Wazee wetu hawatatusimulia mema yao. Wakiulizwa watacheka, watasema tupo tu, mwanangu. Na sisi tunafurahi, tunakata simu, tumemaliza wajibu. Ndugu yangu, leo usimalize. Kama baba yako yu hai, nenda ukae naye, na akikujibu kwa kicheko, muulize tena. La sivyo siku yake itafika, utasimama mbele ya watu na makaratasi yako mazuri, na utalazimika kumwomba jirani akueleze baba yako alikuwa nani.