Sisimizi wa Mrindoko

Mtu mmoja alikuwa na mashamba ya tangawizi milimani Upareni, na miguu ya kuyapanda na kuyashuka bila kupumzika. Aliitwa Mrindoko. Mwili ulikuwa umemjaa, na watu walimsifu kwamba maisha yamemkubali. Chai yake ilitiwa sukari vijiko vitano, maana kwao mtu akipewa chai isiyokolea huona amedharauliwa.

Mwaka mmoja akashikwa na kiu isiyokatika, akawa habanduki ukutani nyuma ya nyumba. Kila alipokojoa, sisimizi wakajaa. Mrindoko akawamwagia majivu. Walipozidi, akawamwagia mafuta ya taa. Kisha, jamani, mtu mzima na akili zake, akahamia upande wa pili wa ukuta! Kesho yake wakawa wamemfuata huko huko.

Mkewe, Namkunda, alimtazama siku tatu. Ya nne akamwambia, “Baba Mbonea, wadudu hawa hawaufuati ukuta, wanakufuata wewe, twende zahanati tukapimwe.”

Mrindoko akacheka. Lakini moyoni aliogopa, wala hakuogopa sindano. Aliogopa kutajiwa jina la kitu ambacho alikuwa ameshaanza kukihisi, maana likishatajwa asingeweza tena kujifanya hajui. Basi Namkunda akaenda peke yake, ili amwonyeshe tu kwamba kudungwa kidole si kitu. Lo! Naye akakutwa na kisukari. Akarudi na vidonge, akapunguza ugali sahanini, akaongeza mboga, akawa anakunywa chai bila sukari. Wageni wakamsema, akawaacha waseme. Mumewe akamtania kwamba ugonjwa kaufuata mwenyewe.

Miaka mitatu ikapita. Siku moja Mrindoko alilima kutwa nzima na kokoto ndani ya buti, asihisi chochote kwa ganzi iliyomwingia miguuni. Jioni alipovua, soksi ilikuwa imelowa damu. Akafunga kitambaa, akanyamaza. Kidonda kilianza kunuka kabla hakijamuuma, na alipofikishwa hospitali ikabidi wamkate mguu chini ya goti.

Sasa hukaa kibarazani akimtazama mkewe anapanda mlima na jembe begani, mgonjwa kama yeye, mwenye umri kama wake. Hamwonei wivu, anajionea haya. Siku hizi anapimwa bila kubembelezwa, dawa anameza, na sukari imeshuka. Ila kila asubuhi, kabla hajaamka vizuri, hutaka kushuka kitandani kwa miguu miwili, kisha hukumbuka, na hapo hulia kimya kimya ili Namkunda asimsikie.

Watu hawa walikula chungu kimoja na kuugua ugonjwa mmoja. Basi niambieni, mguu wa Mrindoko ulichukuliwa na kisukari, au na ule woga wake wa kuambiwa?