Oili ya Desemba

Wapendwa, tusikilizane taratibu, leo hatuna haraka.

Palikuwa na bwana mmoja, mtu wa Kilimanjaro, anaishi hapa Dar es Salaam. Mtu wa kanisani, mkarimu, mcheshi, na alipenda gari kama wengine wanavyopenda mpira. Nanyi mnaijua desturi ya watu wa kule: mwaka mzima wako mjini, ikifika Desemba wanapanda wote nyumbani. Na kabla ya kupanda, gari lazima lipite gereji. Kwa hiyo bwana huyu alimwaga oili mara moja kwa mwaka, Desemba. Miezi mingine alichomoa kijiti cha kupimia, akaona imepungua, akaongezea kidogo, akafunga boneti huku akipiga mluzi. Gari lake la zamani lilimvumilia hivyo miaka mingi.

Mungu akambariki, akanunua gari jingine, na hili lilikuwa na turbo, kile kifaa kinachoiongezea injini nguvu. Siku ya kulichukua, fundi aliyelikagua akamwambia, "Mzee, hili si kama lile lako. Turbo inazunguka kwa kasi ya ajabu, inapata moto mkali, na kinachoilainisha na kuipoza ni oili hii hii. Ikichakaa inaganda kwenye vijia vyembamba, turbo inakufa. Kila kilomita elfu tano mwaga yote, weka mpya."

"Nimekuelewa. Tutaonana Desemba."

"Desemba! Mzee, huu ni mwezi wa kwanza."

"Usinifundishe gari, kijana wangu. Mimi naongezea kila Jumamosi."

Je, alidanganya? Hapana. Kila Jumamosi aliongezea kweli, na kijiti kikaonyesha imejaa. Sasa nani angemwambia kitu mtu ambaye kijiti chake kinaonyesha imejaa?

Ikaja Oktoba. Dada yake kule nyumbani, mjane, alikuwa anamuaga binti yake anayeolewa. Baba wa binti alikwisha kufariki, kwa hiyo mjomba ndiye aliyeombwa amshike binti mkono na kumkabidhi kwa wakwe mbele ya watu. Bwana yule na mkewe wakaondoka alfajiri, suti imening'inizwa nyuma, mama ndani ya kitenge kipya. Njia nzima bwana aliimba. Lakini moyoni alikuwa na woga kidogo, maana siku ile binti hakuwa na baba mwingine ila yeye.

Wakaanza kupanda mlima. Bwana akakanyaga mafuta. Gari likatoa mlio mwembamba kama filimbi, ukafuata moshi wa bluu, nguvu zikaisha. Wakasimama katikati ya migomba.

Watu wa kule hawakosi la kusema. Mama mmoja mwenye beseni la parachichi akachungulia. "Baba, mnapika ndizi humo ndani? Tukaribisheni basi!"

Akaitwa fundi wa pale jirani. Akafungua boneti, akachomoa kijiti, akasugua oili kati ya vidole. Nyeusi, nzito kama lami.

"Kaka, hii umeimwaga lini?"

"Imejaa hiyo! Tazama mwenyewe!"

"Naona imejaa. Nauliza umeimwaga lini."

"Bado, mimi namwaga Desemba. Lakini nimeongezea kila wiki, sijawahi kukosa."

"Umeongezea mpya juu ya uchafu, kaka. Uchafu umebaki humo humo. Turbo imekwenda hii."

Bwana akajishika kichwa. Kule juu binti anasubiri. Ndipo mkewe, ambaye muda wote alikuwa amekaa kwenye kiti chake, akaanza kucheka. Akacheka mpaka akajifuta macho kwa pindo la kitenge.

"Fundi, usimshangae," akasema. "Hata mimi naombwa msamaha Desemba."

"Mama Aikande, jamani! Mbele ya watu?"

"Na wewe si ulisema mbele ya watu? Mwezi wa tatu, wageni wako mezani, ukasema sijui kulea watoto. Kesho yake ukaniletea samaki. Wiki ya pili kanga. Juzi kitenge hiki. Vyote nimepokea, nimeshukuru. Lakini lile neno hujaligusa. Unaongezea tu, baba, unaongezea, kisha unaniangalia unasema nimejaa."

Mama wa parachichi akatua beseni lake chini. Bwana akamtazama mkewe, akaona kwamba yale machozi hayakuwa ya kicheko peke yake. Akavua kofia. Hapo hapo barabarani, mikono ina oili, akasema, "Mke wangu, neno lile lilikuwa baya, tena halikuwa kweli. Watoto wale umewalea wewe, na wamekuwa watu. Nisamehe."

"Haya, yamekwisha," mkewe akasema. "Sasa tafuta usafiri, mtoto wa watu anasubiri."

Wakapanda nyuma ya pikapu iliyobeba majani ya ng'ombe. Mjomba aliingia kwenye sherehe suti ina nyasi mgongoni, watu wakacheka mpaka wakwe wakacheka. Na akamshika binti mkono, wakati bado upo.

Sasa tuje kwetu sisi. Kila Jumapili tunaimba, tunatoa, tunapiga magoti. Ni vizuri. Lakini tunamwaga, au tunaongezea? Sala mpya juu ya kinyongo cha zamani. Zawadi juu ya tusi. Tukijipima tunaonekana tumejaa, na Mungu hakutuuliza kama tumejaa. Moyo wa mtu ni kitu cha moto, unazunguka kwa kasi kubwa. Nani alitudanganya kwamba unaweza kungoja mpaka Krismasi?

Mwezi wa nne mlikuja kwangu, mkanisaidia kumzika mke wangu. Jumanne alikuwa anachambua mchele, Ijumaa tulikuwa hatunaye. Kwa hiyo naomba mniamini nikisema kwamba Desemba hakuahidiwa mtu.

Basi leo ukifika nyumbani, usianze na soda wala pilau. Mwite mwenzako pembeni. Litaje lile neno lenyewe, usilizunguke, kisha nyamaza umsikilize. Chakula kitapoa, najua. Kitapashwa moto, mtakula pamoja.