Jina la Mgeni

Sogeeni karibu, na mwenye usingizi akalale mapema, maana hadithi hii nikiimaliza nitawaachia kazi.

Huko bara ya Lindi palikuwa na nyumba ya bwana mmoja, Mfaume, na ndani yake wanawake watatu wenye karama. Mama yake, Bi Somoe, hakuwa na macho, lakini masikio yake yalisikia mchwa wakitafuna boriti. Dada yake, Mwajabu, alikuwa na mabega ya kupandisha gunia la mihogo mlima mzima bila kulitua. Mkewe mkubwa, Tatu, alikuwa na joto la mwili hata watu wakamtania kwamba akilalia mayai yataanguliwa.

Mke mdogo, Asina, alikuwa amejifungua binti. Watoto wake wawili wa kwanza walipewa majina siku ya saba na hawakumaliza mwezi, kwa hiyo huyu wakamwacha bila jina mpaka arobaini. Wakamwita Mgeni tu.

Siku ya thelathini na nane, baada ya adhuhuri, mbingu ikawa nyeusi. Majirani walipita wakikimbilia shuleni, kwenye kuta za mawe, wakawaita. Mfaume akajibu kwamba mzazi hatoki kabla ya arobaini, na wanawake wote wakamuunga mkono, hata Asina mwenyewe. Hilo ndilo kosa lao, nami siwafichi. Waliogopa jicho la watu kuliko upepo.

Tufani ilipofika, Mfaume aliuegemea mlango kwa mgongo, upepo usiingie ukang'oa mabati. Mabati yaling'oka hata hivyo, naye akabaki anashikilia mlango wa nyumba isiyo na paa, huku analia. Hapo akatamka: "Mola wangu, mimi nimeshindwa. Atakayemvusha mtoto huyu, ndiye somo wake, na jina lake ndilo atakalopewa."

Bi Somoe akasikia ukuta wa chumbani ukikwaruza, mlio ambao hakuna mwingine aliyeupata katika kelele ile. Akasema, "Mtoeni kitandani, sasa hivi." Asina akamnyakua mwanawe wakakimbilia ukumbini, na ukuta ukalala juu ya kitanda.

Mwajabu akaona mtambaapanya, ule mti mkubwa uliokuwa umebeba paa, ukiwashukia mama na mtoto. Akatia bega. Alikaa nao hivyo tangu alasiri hadi karibu na magharibi, mvua ikimchapa usoni. Bega likavunjika, wala hakuutua.

Mgeni alilowa, akatetemeka, kisha akanyamaza. Asina akalegea mikono. Tatu alikuwa amezika binti yake mwaka juzi, na kimya kile alikijua. Akatambaa chini ya mti, akamchukua mtoto, akamtia ndani ya gauni, kifua kwa kifua. Hakuwa na la kufanya zaidi ya kungoja. Upepo ulipokatika, mtoto akalia.

Arobaini iliwakuta shuleni, juu ya mkeka wa kuazima. Shehe akauliza jina, na Mfaume akawatazama wale wanawake watatu. Kwao somo ndiye amleaye mtoto, na mtoto hagawanyiki kama muhogo. Bi Somoe anakohoa tangu siku ile, na hana mjukuu aliyebeba jina lake. Mwajabu hakujaliwa kuzaa, na bega lile halitabeba tena. Tatu hadai lolote, ila amempakata Mgeni, kwa sababu akimtoa kifuani mtoto hulia.

"Semeni ninyi," Mfaume akawaambia watu. "Mimi siwezi."

Asina naye yupo pale, mikono mitupu mapajani, na hakuna aliyemuuliza.

Shehe bado anangoja, na wazee wanasema jua la arobaini lisizame juu ya mtoto asiye na jina. Haya, jua ndilo hilo linashuka. Je, wewe ungemwita nani: Somoe, Mwajabu au Tatu?