Mize wa Kushoto na Nyoka Mstaarabu

Paukwa!

Pakawa!

Palikuwa na nani?

Palikuwa na wewe!

Aa, mimi sikuwepo. Alikuwepo konokono, jina lake Mize, chini ya migomba yenye umande.

Konokono wote wa pale magamba yao yalizungukia kulia. La Mize likazungukia kushoto. Kushoto! Mkono wa chooni! Kila palipo na karamu mama yake humwambia, "Mwanangu, kakae nyuma ya jani, wageni wasikuone." Wachumba walikuja, wakalitazama gamba, wakaaga. Mize aliona aibu hata kujitazama kwenye tone la maji.

Jirani yao alikuwa Nyoka, mlafi asiyeshiba. Meno yake yalijaa upande wa kulia. Akimkamata konokono, hupinda taya kulia, akachomoa nyama: chwa! Kisha hufuta mdomo majanini. "Mimi mstaarabu," husema, "nala kwa kulia."

Siku ya karamu Nyoka akaingia. Konokono wakajifungia, pu! pu! pu! Nyoka akamwendea mama yake Mize, aliyenona kuliko wote.

Mize akajitokeza. "Shikamoo, Bwana Nyoka. Mama amezeeka, nyama yake kamba tupu. Anza na mimi."

Nyoka akamdaka. Akapinda taya kulia, krr! Gamba likateleza. Akapinda tena kulia, krr! Likateleza.

"We mtoto, umekaaje?"

"Nimekaa kushoto, bwana. Pinda taya kushoto, utanipata."

Njaa haina adabu. Nyoka akapinda kushoto. Hapo Mize akapiga ukelele: "Jamani, njooni mwone! Mstaarabu anakula kwa kushoto!"

Macho yote yakachomoza. "Yuuu! Kushoto! Hana haya!"

Nyoka akamtema Mize, ptu! Akauficha uso, akajiburuta zake huku tumbo likinguruma.

Tangu siku ile Nyoka hakumgusa tena wa kushoto. Wa kulia aliwala, chwa! chwa! Wa kushoto, kumbe walikuwa wakijificha kila mahali, wakajitokeza, wakaoana, wakajaa migombani. Mize naye akaolewa, akazaa.

Na katika wanawe mmoja akatoka wa kulia. Majirani wakaja kumpa pole. Na Mize, Mize yule yule, akainamisha macho. "Nisitirieni, jamani," akasema. "Sijui nimekosa wapi."

Hadithi imefika mlangoni. Ikiwa tamu tugawane, ikiwa chungu mpelekeeni Nyoka. Na funzo lake, wanangu: kuleni kwa mkono wa kulia, msije mkafanana na walionusurika.