Nguchiro Aliyejiwekea Bima Mwenyewe

Zamani hizo, wanangu, wanyama walipokuwa wakijenga nyumba, wakipika uji na kwenda gulioni kama sisi, Bonde la Mitamba lilikuwa na msafirishaji mmoja aliyejulikana kila kona. Mnadhani alikuwa Tembo? Thubutu! Alikuwa Nguchiro, mnyama mdogo anayepita chini ya uzio bila kuinama. Jina lake Bi Sihaba.

Alianza na mkokoteni mmoja, akiuvuta mwenyewe. Akapata wa pili, akapata wa tatu, mpaka ua wake ukajaa mikokoteni arobaini. Wapwa na wajukuu zake ndio walioivuta. Ilipopita barabarani, kwiri! kwiri! kwiri!, wageni walisimama kutazama.

"Mikokoteni yote hii ni ya nani?"

"Ya kwetu!" ukoo mzima wa Nguchiro ulijibu, vifua mbele.

Lakini bondeni kulikuwa na wezi. Ndiyo maana kulikuwa na Kiboko, Bwana Tipwatipwa, mwenye bima. Kila mavuno, wenye mikokoteni walimpelekea kikapu cha mtama kwa kila mkokoteni. Mkokoteni ukiibwa au ukitumbukia korongoni, Kiboko alitoa mtama ghalani mwake ili mwenyewe anunue mwingine.

Mwaka mmoja, Bi Sihaba aliwatazama wapwa zake wakijitwisha vikapu kumpelekea Kiboko. Ghafla akawazuia.

"Hebu ngojeni! Mwaka jana tuliibiwa mikokoteni mingapi?"

"Miwili, shangazi."

"Na mwaka juzi?"

"Mitatu."

"Mkokoteni mpya tunanunua kwa vikapu vitano. Na hapa mmebeba vikapu arobaini! Vinavyobaki vinakwenda wapi?"

Wapwa wakatazamana. Mmoja akajibu kwa sauti ndogo, "Tumboni kwa Bwana Tipwatipwa."

"Basi, rudisheni ndani! Tutajenga ghala letu wenyewe. Mkokoteni ukiibwa, tutanunua mwingine kutoka humo."

Jirani yake, Mama Telele, alisikia yote. Alikuwa Digidigi, mjane mwenye mkokoteni mmoja tu.

"Dada, na mimi najitoa kwa Kiboko!"

"La, mdogo wangu, usithubutu! Mimi nikiibiwa mmoja, mingine yote inaendelea na kazi. Wewe ukiibiwa huo wako, wanao watalala njaa siku hiyo hiyo. Wewe baki kwenye bima."

Habari zikamfikia Kiboko. Puuu! Akapuliza maji puani kwa hasira.

"Kile kijinyama? Kijiwekee bima chenyewe? Kitarudi hapa kikitambaa!"

Haukupita muda mrefu, mikokoteni ya Bi Sihaba ikaanza kupotea. Leo mmoja, kesho mwingine. Ghala jipya likaanza kupungua, na wapwa wakaanza kunung'unika.

"Shangazi, twende tukamwombe Kiboko radhi."

"Hatuombi radhi kwa kutunza mtama wetu," Bi Sihaba akasema. Lakini moyoni aliogopa. Wizi wa namna ile hakuwahi kuuona.

Asubuhi moja akafuata alama za magurudumu, akijificha nyasini, nyata, nyata, nyata, mpaka kwenye matete ya mtoni. Akasikia sauti mbili. Moja ilikuwa ya Kiboko. Ya pili ilikuwa ya Fisi, aliyeitwa Kombo.

"Kesho ni gulio," Kiboko alikuwa akisema. "Ukoo wote wa Nguchiro utapumzisha mikokoteni na kwenda sokoni. Ingia uani mwao, uchukue mikokoteni yote. Ghala lake halitatosha kununua mingine. Atakuja kunipigia magoti."

"Hiii hiii hiii! Sawa, mjomba!"

Moyo wa Bi Sihaba ukadunda, du! du! du! Akienda kushtaki, nani atamwamini yeye, mdogo kama ngumi, mbele ya Kiboko? Alirudi nyumbani akiwaza njia nzima. Alipofika mlangoni, alikuwa anacheka.

Siku ya gulio ilipofika, Kiboko alikaa katikati ya soko akijisifu mbele ya wateja wake. Bi Sihaba akaja, wapwa wakimfuata na vikapu vitatu vya mtama, akijifuta machozi ambayo hayakuwepo.

"Shikamoo, Bwana Tipwatipwa. Nimekuja tena kwako."

"Marahaba! Mmemwona, jamani? Karudi!"

"Nimerudi kidogo tu, bwana. Mikokoteni michache ikipotea, hata ikifika kumi, nitajilipia mwenyewe. Lakini likinipata janga, ikapotea mingi zaidi kwa siku moja, wewe unilipe yote. Bima ianze sasa hivi. Mtama huu hapa."

Kiboko akatupa jicho upande wa ua wa Bi Sihaba. Alikumbuka alikomtuma Fisi.

"Aa... labda tuanze kesho."

"Kwa nini kesho?" Bi Sihaba akapaza sauti. "Au ghala lako ni tupu?"

Nyati akamgeukia Kiboko. "Bwana, kama bima yako inaogopa janga, sisi tunakulipa kwa ajili ya nini?"

Kiboko akageuka huku na huko. Wateja wake wote walikuwa wakimtazama.

"Nani kasema naogopa? Naapa mbele yenu wote: nitalipa!"

Kisha akajishika tumbo. "Samahani, tumbo linaniuma." Akatoka mbio. Tindi! tindi! tindi! Vumbi likatimka, meza za nyanya zikapinduka.

"Jamani, bwana wetu anaumwa!" Bi Sihaba akapiga kelele. "Twendeni tumsaidie!"

Wote wakamfuata Kiboko mpaka uani kwa Bi Sihaba. Fisi alikuwa ameifunga mikokoteni kwa kamba, mmoja nyuma ya mwingine, na nusu yake ilikwisha kutoka nje. Kiboko alikuwa ameushika wa mwisho kwa meno, akiuvuta kuurudisha.

"Rudisha! Rudisha yote, Kombo! Utanifilisi!"

"Mjomba, una wazimu?" Fisi akafoka. "Jana umenituma niibe yote. Leo unaniambia nirudishe!"

Ndipo Fisi alipoinua macho akaona umati. "Lo!"

"Kumbe!" Mama Telele akapiga kofi. "Kumbe mwenye bima ndiye mwenye wezi!"

Hapakuwa na la kujitetea. Kiboko na Fisi waliirudisha mikokoteni yote, pamoja na ile waliyoificha kwenye matete, huku wajukuu wa Bi Sihaba wakiwahimiza: "Sukuma! Sukuma!" Wateja wakaligawana ghala la Kiboko. Kwa aibu akazama mtoni, na mpaka leo mchana hutoa macho na pua tu.

Na akina Mama Telele, wenye mkokoteni mmoja mmoja? Waliweka mtama wao pamoja katika ghala moja, wakamwomba Bi Sihaba awashikie ufunguo. Yule mama mdogo aliupokea mbele ya bonde zima, akasimama wima kwa miguu ya nyuma, na siku ile hakuna aliyemwona mfupi.

Basi wanangu, shikeni hili: mwenye vingi ajikinge kwa akiba yake mwenyewe, na mwenye kimoja ashikane na wenzake.