Bi. Nguchiro na Gari la Safu Tatu

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na leseni za udereva na binadamu bado anakwenda kwa miguu (wewe unayecheka huko nyuma, kaa vizuri, sirudii), paliishi Bi. Nguchiro na mumewe kando ya barabara kuu.

Walipooana walinunua kigari chekundu cha milango miwili, kinang'aa kama pilipili iliyooshwa. Kigari cha wapenzi! Lakini nyumba ya nguchiro si mnaijua? Mvua zikinyesha, mtoto. Jua likiwaka, mtoto. Ikafika hadi wengine wakipakatwa, wengine wakijazwa kwenye buti, na kila mlango ukifungwa, kwaa! mmoja analia, "Yalaa, mkia wangu!"

Na Bi. Nguchiro alikuwa mjamzito tena.

"Baba watoto," alimwambia mumewe, "siku zikitimia nakwenda kwa mkunga Korongo, na watoto wangu wote nakwenda nao. Simwachi hata mmoja."

Hakuwa anadeka. Mara iliyopita watoto hawakuenea garini, wakaachwa nyumbani. Wazazi waliporudi walimkuta Fisi mlangoni, mate yanamchuruzika, anawabembeleza watoto wamfungulie. Tangu siku hiyo Bi. Nguchiro alikuwa na hofu iliyomkaa kifuani, hailali wala haitoki.

Basi wakaanza kutafuta gari la kuwatosha. Gari la Twiga lilikuwa kubwa kweli, lakini kwenda juu tu. Watoto wangepangwa kama masufuria. La Kiboko lilikuwa pana, ila viti vimelowa na vyura wamo ndani.

"Linalotufaa ni moja tu," alisema Bi. Nguchiro. "La Bwana Nyati."

Ee, gari la Bwana Nyati! Safu tatu za viti, milango inateleza yenyewe, swii! Na ndani yake alipanda yeye na mkewe, basi. Bi. Nguchiro akaenda kupiga hodi.

"Jirani, tubadilishane magari. Na shamba langu la karanga nakuongezea."

Nyati alicheka hadi vumbi likatimka. "Ho! Ho! Ho! Mimi, dume zima, niingie kwenye kisahani kile? Hata nikikivaa mguuni kitanibana!"

"Lakini mko wawili tu, bwana. Viti vyote vile vya nini?"

"Vya heshima!"

Bi. Nguchiro alitoka pale amevimba kwa hasira. Alipofika njia panda hasira ikamtoka, akaanza kutabasamu. Mkimwona mtu mdogo anatabasamu peke yake njia panda, wanangu, mjue kuna mkubwa atalia.

Akaenda moja kwa moja kwa Bibi Kobe.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Kulikoni, mbona mbiombio?"

"Natoka kwa Bwana Nyati. Bibi wee, yule bwana ana moyo! Anatamani kubeba watu kwenye gari lake, ila ana haya, anasubiri aombwe. Na ukimwita Baba wa Wote, ndipo roho yake inasuuzika. Maana gari kubwa, bibi, si la mtu mmoja. Ni la kijiji."

"Kumbe!" alisema Bibi Kobe.

Miguu ya Kobe ni mizito, hilo mnalijua. Lakini ulimi wake una magurudumu.

Asubuhi yake Nyati alifungua mlango, akamkuta Bibi Kobe amekaa juu ya mikungu ya ndizi. "Baba wa Wote! Nifikishe sokoni."

Nyati alitaka kukataa, lakini jina lile lilimwingia tamu. Baba wa Wote! Akavimbisha kifua. "Panda, bibi." Kupanda kwenyewe kulikula asubuhi nzima.

Hajapumzika, huyo Ngiri! "Baba wa Wote, tuna harusi." Akapakia masufuria, mikeka, shangazi na wakwe, wote wametoka kuoga matope. Pwachu! kwenye viti vya heshima. Kisha akaja Nungunungu, akapanda kistaarabu, akashuka kistaarabu, akasema ahsante. Nyati akakaa kwenye kile kiti ili akipanguse.

"UUUWIII!"

Mkewe alimchomoa miiba hadi jua likazama.

Haikupita wiki, Nyati alikuwa anapiga hodi kwa Bi. Nguchiro, macho yamemwingia ndani.

"Jirani, kile kigari chako kina viti vingapi?"

"Viwili tu, bwana. Cha dereva na cha mwenziwe."

"Mwenziwe mmoja? Mmoja tu? Ah, raha iliyoje! Tubadilishane, jirani."

"Kigari cha ndoa yangu?" Bi. Nguchiro alishika kifua. "Hapana, bwana. Kina kumbukumbu nyingi mno."

"Shamba la karanga baki nalo! Tairi la akiba nakuongezea!"

"Na jeki?"

"Na jeki!"

"Na hakuna kurudishiana?"

"Hakuna! Nipe ufunguo, mama, nakuomba!"

Nyati akajisokomeza kwenye kigari. Twaa! Pembe zikatoboa paa. Akaondoka hivyo hivyo, pembe nje, tumbo kwenye usukani, anaimba. Bi. Nguchiro naye aliwapanga watoto kwenye safu tatu, akawahesabu, akarudia, kila mmoja na kiti chake, kila mkia salama. Akalia kwa furaha.

Alfajiri ya siku ya pili, "Hodi! Hodi!"

Bibi Kobe huyo, na ndizi zake. "Mama wa Wote! Tumesikia gari la kijiji limehamia kwako."

"La kijiji? Nani amesema la kijiji?"

"Si wewe mwenyewe, mwanangu?"

Bi. Nguchiro akaenda kuleta ufunguo. Tangu hapo Ngiri akawa na harusi zisizokwisha, na Nungunungu akachagua kiti chake cha dirishani.

Siku za Bi. Nguchiro zikatimia. Mumewe akapakia watoto wote, akawasha gari. Bi. Nguchiro akarudi ndani mara moja kuchukua kanga za mtoto. Kutoka, haa! Gari limejaa hadi mlangoni. Ngiri ameweka kitanda cha bibi harusi katikati ya njia. Bibi Kobe yuko mbele. Mikia ya watoto inaning'inia madirishani.

"Jamani, nami je?"

"Gari limejaa, mwanangu," alisema Bibi Kobe kwa upole. "Subiri raundi ya pili."

"Gari ni langu! Na uchungu umenishika! Mama wee!"

Ikawa rabsha. Ngiri akavuta kitanda, kitanda kikagoma. Mume akataka kushuka, akakaa juu ya Nungunungu. "Uuuwi!" Bi. Nguchiro akashika kiuno, machozi yakimlengalenga, hajui ashike mlango au ashike tumbo.

Mara, pii! pii! Kigari chekundu kikasimama, pembe mbili juu ya paa.

"Jirani," alisema Nyati, "kuna nafasi ya mmoja. Panda."

Akapanda. Mbele likatangulia gari la safu tatu na watoto wote ndani, hakubaki hata mmoja wa kuliwa na Fisi. Nyuma kikafuata kigari, kinarukaruka kwenye mashimo.

"Bwana Nyati," alisema Bi. Nguchiro, anahema, "mimi ndiye niliyewatuma kwako."

"Najua. Bibi Kobe aliniambia siku ileile ya kwanza."

"Sasa mbona uliwabeba?"

Nyati akakwepa shimo. "Waliniita Baba wa Wote," alisema. "Hakuna aliyewahi kuniita baba."

Mtoto alizaliwa salama kwa mkunga Korongo, dume, sauti kubwa kupita mwili. Bi. Nguchiro akampa jina Nyati. Na kesho yake alfajiri, akiwa bado kitandani, alisikia, "Hodi! Hodi! Mama wa Wote!"

Ndipo watu wazima wakasema: ngoma unayompigia jirani, jifunze kuicheza, maana na kwako itafika.